Split hadi Dubrovnik: yoti ya tanga au ya injini?

Kwa wiki moja pwani ya Kroatia, mimi ningekodi ya tanga. Kiangazi, upepo uitwao maestral huvuma alasiri kutoka kaskazini-magharibi. Nahodha anatweka tanga, mnaelekea visiwa vya Hvar au Korčula bila kelele. Ila chombo kikilalia upande, kikombe cha kahawa hakikai mezani.

Ya injini ina kasi: asubuhi mnaogelea Vis, kisiwa kilichofungiwa wageni hadi 1989, jioni mko chini ya kuta za Dubrovnik. Lakini mfuko! Juu ya kodi ya yoti, kwa kawaida mnatanguliza takriban asilimia 30 ya kodi hiyo kwa chakula, gati na dizeli, na dizeli ndiyo mlaji mkuu. Bura, upepo mkali na baridi, ikishuka milimani, zote mbili hujibanza bandarini.