PhotoPills mbele ya Sanamu ya Askari: jua inalijua, maghorofa haiyajui

Anayepiga picha za minara ya mashujaa alfajiri ainunue PhotoPills, programu ya simu ya kupangia picha kwa kufuata jua, ila ajue mapema kwamba saa ya macheo inayoandikwa mle ni ya mahali ambapo hakuna kinachokinga jua. Katikati ya Dar es Salaam mahali hapo hapapo. Mfano wetu ni Sanamu ya Askari, kwenye makutano ya Barabara ya Samora na Mtaa wa Azikiwe, ile ambayo baadhi ya wazee wa mjini bado wanaiita Bismini, kwa jina la Wissmann, gavana Mjerumani ambaye sanamu yake ilisimama hapo hadi Waingereza walipoiondoa mwaka 1916. Askari huyu wa shaba nyeusi, bunduki mkononi na singe ikielekea bandarini, alizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza.

Programu hulipiwa mara moja, haina ada ya kila mwezi. Ukiinunulia iPhone, kwenye Android utalipa upya. Hesabu za jua hufanyika bila intaneti, lakini ramani inahitaji mtandao, kwa hiyo panga kazi nyumbani usiku na uhifadhi mpango wako kabla ya kutoka.

Sehemu ya kuanzia ni Planner, yaani ramani ya kupangia. Weka pini nyekundu juu ya sanamu yenyewe, wala si pale utakaposimama, kwa sababu kinachotafutwa ni mwanga unaomwangukia askari. Mstari mnene wa manjano ndio mwelekeo wa macheo, na mwembamba hufuata jua kadiri unavyosogeza saa. Kwa Dar es Salaam jua huchomoza kwenye nyuzi 66 hivi mwezi Juni na 114 hivi mwezi Desemba, zikihesabiwa kutoka kaskazini. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, ni nyuzi 70, saa 12:35 asubuhi. Tarehe 11 Novemba, siku wanayokumbukwa waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, ni nyuzi 107 na nusu, na jua huchomoza mapema zaidi, kama saa 11:55. Anayekwenda Novemba kwa saa alizozizoea za Julai atakuta mapambazuko yamekwisha.

Sasa maghorofa. PhotoPills inajua miinuko ya ardhi, lakini majengo haiyaoni. Dawa yake ni pini nyeusi: iweke juu ya jengo lililo upande wa jua, usome umbali, kisha ukadirie urefu wa jengo kwa kuhesabu ghorofa, mita 3 na nusu kila moja. Jengo linaloupita uso wa sanamu kwa mita 30, likiwa umbali wa mita 60, hukinga jua hadi lifike nyuzi 26 na nusu juu. Julai hiyo ni saa 2:35 asubuhi, saa 2 kamili baada ya macheo, na jua limekwisha kusogea kaskazini hadi nyuzi 64. Wakati huo mwanga ni mweupe na mkali, na magari yamejaa. Basi usitegee jua la moja kwa moja hapo. Tegea mwanga wa mbingu: dakika 22 hivi kabla ya macheo mpaka macheo yenyewe, muda ambao programu huutaja kwa usahihi. Huku kwetu jua hupanda karibu wima, nyuzi 14 kwa saa, kwa hiyo hata penye uwazi mwanga wa dhahabu, ule laini wa jua likiwa chini, haudumu zaidi ya nusu saa baada ya macheo.

Ukitaka mwanga upenye katikati ya mtaa, pima mwelekeo wa mtaa huo kwa pini mbili. Ukiwa kati ya nyuzi 66 na 114, sehemu ya Find itakupa tarehe jua litakapochomoza kwenye mstari wake. Nje ya hapo, usipoteze asubuhi zako.

Sehemu ya kutazama njia ya jua kupitia kamera ya simu ndiyo dhaifu kuliko zote, na sababu ni dira ya simu. Nondo za zege na magari yaliyoegeshwa huipotosha. Ilinganishe kwanza na jua lenyewe, siku moja kabla.

Kwenye kamera, anza na ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), stendi imara, na picha tatu zenye tofauti ya stopu 2, kila stopu ikiwa ni mwanga maradufu au nusu. Shaba hunywa mwanga. Ukiiachia kamera ipime mbingu, askari atatoka kivuli cheusi kisicho na uso. Picha za namna hiyo zinapendwa sana, lakini tunaona zinamnyima heshima mtu aliyewekewa sanamu ili aonekane. Tena usiishie kwake. Zunguka chini, kwenye picha za kuchongwa na maandishi ya Kiswahili, kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu, pamoja na ya Kiingereza. Wapagazi wametajwa hapo, watu waliobeba jeshi zima vichwani, na Kariakoo imepata jina lake kutokana nao. Maandishi husomeka mwanga ukiyaparaza kwa ubavu. Asubuhi ya mawingu, tumia taa ndogo iliyoshikwa kando, karibu sambamba na ukuta.

Lenzi iliyolala kwenye kiyoyozi huota ukungu papo hapo kwa unyevu wa pwani. Acha begi limefungwa nje kwa nusu saa. Walinzi wa majengo ya jirani wasalimie kabla ya kufungua stendi, na usielekeze kamera kwa askari wa zamu wala majengo ya serikali.

Picha iliyokaa vizuri ichapishwe, sentimita 20 kwa 30, karatasi isiyong'aa. Wazee waliopigana Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 bado wako mitaani. Mpe mmoja wao kwa mikono miwili, baada ya shikamoo, ukiwa umeandika nyuma mahali, tarehe na shukrani kwa jina lake. Tumia penseli, kwa kuwa wino wa kalamu unaweza kupenya ukajitokeza upande wa picha.