Kidato cha tano au VETA: kwa aliyemaliza kidato cha nne Kigoma

Mwenye ufaulu wa C tatu anaweza kuchaguliwa kidato cha tano. Ni miaka miwili ya tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo machache anayobobea, na tangu 2022 serikali imefuta ada kwa shule zake. Kwa anayetaka udaktari au sheria, njia hii ndiyo fupi kuelekea chuo kikuu. Sina la kuongeza.

VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi vya serikali, inahitaji maelezo zaidi, maana wazazi wengi bado wanaiona ni ya walioshindwa, na hilo linaniumiza. Mafunzo yana ngazi tatu, na muda mwingi kijana yuko karakana. Aliyejifunza uchomeleaji, umeme au ufundi magari anaweza kuanza kujipatia riziki mapema: injini za boti Kibirizi zinaharibika, nyumba za Ujiji zinahitaji kufungiwa nyaya. Tena mlango wa masomo haufungwi. Mwenye cheti cha ngazi ya tatu pamoja na cha kidato cha nne anaweza kuomba chuo cha ufundi, akasoma hadi stashahada.

Kijana anayependa kushika spana, mwenye C tatu hizo hizo, mimi ningempeleka VETA bila kusita.