Madini ya Natural History Museum, London: mwenye kujua kidogo ndiye anayefaidi

Kiingilio ni bure, na foleni ndefu huwa lango la Cromwell Road. Anayefuata miamba na madini apitie Exhibition Road. Jengo la upande huo lilifunguliwa 1935 likiwa makumbusho ya jiolojia yanayojitegemea, ndipo miaka ya 1980 likaunganishwa na jirani yake. Kuna eskaleta inayopenya katikati ya tufe kubwa la dunia, na sakafu inayotikisika kuigiza tetemeko la ardhi la Kobe, Japani, la 1995. Watoto huipenda, mtu mzima dakika chache zinamtosha.

Uhondo wenyewe uko ghorofa ya kwanza ya jengo kuu la 1881, sehemu iitwayo Green Zone. Makabati ya mwaloni yamejipanga safu kwa safu, na hapo ndipo wengi hupotea, kwa kuwa vielelezo havikupangwa kwa rangi, nchi wala thamani, bali kwa kemia. Zinaanza elementi tupu kama dhahabu na salfa, zikifuatwa na salfaidi, yaani madini yenye salfa (galena, pairiti), oksaidi, yaani yenye oksijeni, na wenzake, hadi silikati, yaani yenye silikoni na oksijeni, ambazo ni kundi kubwa mno. Ndiyo maana rubi na yakuti samawi ni za kutafutwa pamoja: zote ni madini ya korandamu, ambayo ni oksaidi. Zamaradi ni aina ya berili, madini ya silikati, hivyo iko kwenye kundi hilo. Tanzanaiti nayo usiiulizie kwa jina la sokoni. Ni aina ya zoisiti, silikati vilevile.

Maelezo kwenye vibandiko ni haba, na hilo ni kasoro kweli. Asiyejua makundi haya ataona mawe mazuri tu, achoke mapema. Vioo navyo huakisi madirisha: simama ili kivuli chako kiangukie kioo, na ukipiga picha zima flashi, gusisha lenzi kwenye kioo.

Mwishoni kuna chumba kiitwacho The Vault. Usikimbilie almasi 296 za rangi za Aurora kabla ya kuitazama Latrobe, dhahabu ya Australia ya gramu 717. Iangalie kwa ukaribu: ni rundo la fuwele za mchemraba zenye kingo zinazoonekana wazi, wakati dhahabu ya kawaida hutoka punje au vipande visivyo na umbo. Kwa wataalamu, umbo hilo lina thamani kuliko uzito wake.

Makumbusho hufungwa saa 11:50 jioni, na tarehe 24 hadi 26 Desemba hayafunguliwi kabisa.