Suti ya mvua ya pikipiki: kabla hujalipa, kagua hapo mapajani

Desemba mwaka juzi niliondoka Dar alfajiri na Boxer yangu, naenda Iringa kula Krismasi nyumbani. Safari ya kilomita kama 500. Mpaka Ruaha Mbuyuni jua lilikuwa linakaanga, nikasimama kununua vitunguu nikavifunga nyuma, nikajisifu kwamba mwaka huu mvua imenikosa. Mlima Kitonga ukanisubiri. Kona ya tatu tu wingu likashuka mpaka barabarani, malori yanatambaa, maji yanateremka lamini yamechanganyika na dizeli. Nikatoa suti yangu mpya ya shilingi 85,000, nikaivaa kwa madaha.

Nusu saa baadaye nilihisi baridi mahali ambapo mtu mzima hapaswi kuhisi baridi. Nilipofika Ilula nikateremka mbele ya banda la mama lishe: kifua kikavu, magoti makavu, na hapo katikati nimelowa kama mtoto wa chekechea aliyeogopa kuomba ruhusa. Yule mama alinitupia khanga bila kuuliza swali. Mungu ambariki.

Kwa hiyo leo sizungumzii rangi, mifuko wala riflekta. Hayo una macho. Nazungumzia mshono mmoja.

Kaa kitako uone. Ukiwa umesimama, maji yanachuruzika kifuani, mapajani, miguuni, yanaondoka zake. Ukiwa juu ya pikipiki, mapaja yako na tenki vinafanya beseni. Maji yote ya kifuani yanaishia humo na hayana pa kutokea. Chini yake uzito wako unakandamiza, mbele upepo wa kilomita 70 kwa saa unasukuma. Sasa uliza fundi cherehani yeyote: hapo ndipo mishono minne ya suruali inapokutana. Kila tundu la sindano ni tundu, hata kama kitambaa chenyewe hakipitishi tone.

Ndiyo maana ile namba wanayokutishia nayo dukani, 5,000 au 10,000, haikusaidii peke yake. Ni milimita za maji: 10,000 maana yake kitambaa kilistahimili nguzo ya maji ya mita 10 kabla ya kuvuja. Kitambaa, nasema. Hawakupima mshono wako.

Geuza suruali nje ndani, washa tochi ya simu. Kila mshono uwe umefunikwa kwa utepe uliobandikwa kwa joto ukagandamana na kitambaa, na pale minne inapokutana pawe na kiraka juu yake. Suruali bora kabisa haina makutano hayo: fundi ameweka kipande chenye umbo la kishada cha kupeperusha kati ya miguu, mishono ikasogea pembeni. Ukiona utepe umekatika hapo, au unabanduka kwa ukucha, rudisha, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Haya, mpangilio wangu, na upendeleo upo, sifichi.

Ya kwanza: Helly Hansen, ile ya wavuvi. Ndiyo, wavuvi. Kampuni ya Norway, ilianzishwa mwaka 1877 na nahodha aliyechoka kulowa baharini, akaanza na nguo za kitani zilizolowekwa mafuta. Suruali ninayoizungumzia ni ile nzito ya PVC, yaani plastiki, yenye mikanda ya mabegani, inayopanda mpaka kifuani. Mishono yake imeunganishwa kwa joto, haikutobolewa. Na kwa kuwa inafika kifuani, hakuna kiunoni pa kuingilia maji. Mimi niliipata kwenye mtumba, Karume, imekunjwa chini ya makoti ya baridi, muuzaji hajui ni nini, akadhani ni ya kuchimbia visima. Nimeipitisha Kitonga mara tatu, mara mbili mvua ikiwa ya kutoona taa za lori la mbele. Kavu.

Ina dhambi zake. Haipumui kabisa, ukiivaa Mbuyuni utaiva kama ndizi kwenye gunia. Vaa mvua inapokaribia, vua inapokatika. Na usiiache iguse bomba la moshi, PVC inayeyuka na kubaki pale ikinuka mwezi mzima.

Ya pili: koti na suruali za Gore-Tex, yaani zenye utando mwembamba unaozuia mvua lakini unatoa jasho, kama za Rukka wa Finland au Klim wa Marekani. Hapa kuna jambo wauzaji hawasemi. Kuna nguo ambazo utando umegandishwa kwenye kitambaa cha nje, na kuna nyingine utando unaning'inia ndani kama bitana. Hizi za bitana zitakuacha mkavu, sawa, lakini kitambaa cha nje kinakunywa maji, kinakuwa kizito, na upepo unakipuliza mpaka unatetemeka. Joto hushuka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Iringa iko juu ya mita 1,500. Ukifika umelowa nje, vidole havishiki klachi. Chukua ya utando wa nje. Bei? Kwa wengi wetu ni Boxer nyingine. Kama una ndugu Ulaya anarudi likizo, mwombe kwa adabu.

Ya tatu: suti nyepesi za kuvaa juu ya nguo, mfano Oxford Rainseal. Zinakunjika, zinaingia chini ya kiti. Chukua saizi kubwa, yenye zipu ndefu ya mguuni ili uivae bila kuvua viatu, kwa sababu katikati ya Hifadhi ya Mikumi si mahali pa kurukaruka kwa mguu mmoja. Tochi ya simu, kama nilivyosema.

Zile za 20,000 za boda: kwenda sokoni na kurudi, sawa.

Sasa niwageukie wauzaji. Yule wa suti yangu ya 85,000 nilimrudia Januari. Nikamwambia, kaka, hii inavuja. Akaniuliza, "Dada, mumeo anaendesha pikipiki gani?" Nikamwambia naendesha mimi. Akacheka, akasema basi labda nimeikalia vibaya. Nimeikalia vibaya! Suruali ya pikipiki inakaliwa vipi vingine? Nikamwomba tujaribu palepale: nivae, nikae kwenye stuli, animiminie kata mbili za maji mapajani, tusubiri dakika kumi. "Dada, hapa si bafuni." Mteja mwingine akasimama kusikiliza, na ghafla bei ya suti hiyohiyo ikateremka mpaka 60,000 kwa ajili yake. Kwa hiyo 25,000 yangu ilikuwa ya nini? Ya kuitwa mke wa mwendesha pikipiki?

Jaribio hilo la kata mbili lifanye nyumbani siku ileile uliyonunua, risiti ikiwa bado mfukoni. Vaa suruali ya kaki ndani, ndiyo inayoumbua haraka. Wanangu wanalipenda zoezi hili kuliko katuni.

Suti yenyewe sikurudishiwa hela. Nimeikata, inafunika kiti cha Boxer usiku. Mvua ikinyesha, asubuhi nakuta kiti kikavu mbele, kikavu nyuma, na katikati kimelowa.