All American Boys: kipigo kimoja, wasimulizi wawili

Katika riwaya hii ya Kimarekani, Rashad, kijana Mweusi, kaingia dukani kununua kripsi. Mteja wa Kizungu anajikwaa kwake na kuanguka, na askari polisi aliyekuwamo anaamua papo hapo kwamba huyu ni mwizi. Kinachofuata ni kipigo cha nje ya duka, pingu tayari mikononi, kisha hospitali: pua imevunjika, mbavu zimevunjika. Anayeshuhudia ni Quinn, Mzungu anayesoma naye shule moja. Askari huyo, Paul, ndiye aliyemshika mkono Quinn baada ya baba yake kufa vitani Afghanistan.

Riwaya hii ya mwaka 2015 imeandikwa na watu wawili, na mgawanyo wao una kazi. Jason Reynolds kaandika sehemu za Rashad, Brendan Kiely za Quinn, wakipokezana siku kwa siku kuanzia Ijumaa ya tukio hadi Ijumaa ya maandamano. Kwa kuwa Rashad yuko kitandani karibu muda wote, pilikapilika za shuleni tunazipata zaidi kwa Quinn: rangi iliyopulizwa mbele ya shule ikisema leo tena Rashad hayupo, kocha wa kikapu anayetaka suala hilo liishie mlangoni, na walimu wanaoogopa kulitaja.

Ukurasa mkali kuliko wote, kwa maoni yetu, hauna bango wala kelele. Baba Rashad, aliyewahi kuwa polisi, anafika wodini na kumhoji mwanawe kama suruali ilikuwa imeshuka kiunoni. Sababu ya ukali huo inajitokeza baadaye, na inauma.

Udhaifu uko kwa Quinn. Anajihubiria mno, hoja moja mara tatu, na Paul mwenyewe anabaki kivuli.

Kwa klabu ya usomaji: msigawe wasimulizi, someni siku nzima kwa kikao kimoja. Elezeni mapema kwamba ROTC, anayohudhuria Rashad kwa shinikizo la baba yake, ni mafunzo ya kijeshi kwa wanafunzi, la sivyo ugomvi wa Rashad na baba yake hautaeleweka. Kiingereza chake ni cha mtaani na matusi yamo; kidato cha tatu kwenda juu wataweza. Anayetafuta hukumu ya mahakama asinunue, maana hadithi inaishia kwenye maandamano.