react-spring miezi minne: kilichonifanya nibaki nayo siyo kudunda

Nimeitumia react-spring, laibrari ya React ya kusogeza vitu kwenye skrini kama vimefungwa kwenye springi, miezi minne sasa kwenye app ya wavuti ya duka la vipuri, kwenye ile paneli inayopanda kutoka chini ukigusa kikapu, na naandika kwa sababu wengi wakisikia springi wanadhani ni vitu kudundadunda tu.

Mwanzo nilikuwa na CSS transition, yaani mwendo wa CSS unaopewa muda wake kabisa, ya milisekunde 300, nikaona iko poa mpaka nilipompa mwenye duka simu ajaribu. Akafungua kikapu, hakijafika juu akaghairi akakifunga, paneli ikashtuka, yaani mwendo uliokuwepo ukakatika palepale ukaanza mwingine. Akaniambia tu "mbona kama inagoma". Springi haiendi kwa muda uliopangwa, kila fremu, yaani kila picha skrini inapochorwa upya, inaangalia iko wapi, ina kasi gani na inavutwa wapi, kwa hiyo ukiikatiza njiani kasi haipotei, inapungua, inageuka, kama mlango unaojifunga halafu mtu akausukuma. Na ukiburuta kwa kidole, ukiachia unaipa kasi ya kidole inaendelea nayo, hapo ndo nilipoipenda kabisa.

Namba sasa. react-spring inakuja na mkazo (nguvu ya springi kuvuta) 170, msuguano (kinachoipunguza kasi) 26, uzito 1, na hiyo 26 usiiguse kabla hujaielewa: kipeuo cha pili cha 170 ni kama 13.04, mara 2 unapata 26.08, pale ndo springi inafika haraka bila kupitiliza. Wobbly, mpangilio wake wa kutikisika uliokuja tayari, ni mkazo 180 kwa msuguano 12, kwenye ikoni ya kikapu imependeza sana, kwenye paneli ya kulipia nikaitoa siku hiyohiyo, mtu anayetoa hela hataki kitu kinachotikisika.

Kwenye simu za bei ndogo ilikwamakwama kwa sababu nilikuwa nabadilisha urefu wa paneli, nikahamia transform, yaani CSS ya kuisogeza tu bila kubadilisha urefu, ikatulia. Na wekeni useReducedMotion jamani, inayoangalia kama mtu amechagua mwendo upunguzwe kwenye kifaa chake, kuna watu mwendo unawapa kizunguzungu kweli.

Kama huna cha kuburuta, tangu 2023 brauza kubwa zote zina linear() ya CSS, unaipa orodha ya pointi za mwendo, unachora mkunjo wa springi humo bila laibrari yoyote, mi tultipu zangu zote, vile vidokezo vidogo vinavyotokea juu ya kitu, nimezipeleka huko. Ila ile njia imeshachorwa, ukiikatiza katikati kasi haihami nayo, ndo maana paneli ya kikapu nimeiacha kwenye react-spring.