Mgahawa gani: Kei ya Paris au Au 14 Février ya kijijini?

Ukitaja Mjapani anayepika kifaransa watu wanakimbilia Paris kwa Kei Kobayashi, na ni haki yake, alifungua mgahawa wake Kei 2011 halafu 2020 akawa Mjapani wa kwanza kupata nyota 3 za Michelin (kile kitabu kinachopima migahawa, 3 ndiyo juu kabisa) ndani ya Ufaransa, ile sahani yake ya mboga zenye povu la limau juu ni kazi ya mikono kwelikweli.

Ila mi nakwambia nenda Saint-Amour-Bellevue. Kijiji kidogo cha mizabibu kule Beaujolais, unashuka treni ya kasi Mâcon-Loché unachukua teksi, na pale kwenye Au 14 Février Mjapani mwingine, Masafumi Hamano, ana nyota 2 zake: msingi ni wa kifaransa kabisa, sosi na kila kitu, ila usafi wa ladha na upangaji wa sahani unaona kabisa huyu katoka Japani. Na mvinyo sasa! Saint-Amour ni kati ya maeneo 10 ya Beaujolais yanayoandikwa kwa jina lao kwenye chupa, zabibu ni aina ya gamay, zimelimwa hapohapo nje. Paris huwezi kupata hiyo.

Bei zote kali, Kei zaidi. Buku meza mapema, na ulale hukohuko.